Ulikula na Nani?

Kila Jumamosi jioni, jua likishazama na Sabato ikishafungwa, baba yangu hunipigia simu kutoka Suji, milimani huko Upare, na kuniuliza, "Ulikula na nani?"

Hajawahi kuuliza nilikula nini. Hilo analijua. Nyumbani kwetu Kipawa, hapa Dar, tangu nipate akili, chakula cha Sabato kilikuwa makande. Mama aliloweka mahindi Alhamisi, Ijumaa mchana akayabandika pamoja na maharage, na kabla jua halijazama yalikuwa yameiva, nyumba imedekiwa, nguo zimepigwa pasi na sote tumeoga. Kuanzia hapo hadi machweo ya kesho yake hakuna aliyepika kitu. Makande yalipashwa tu, tukayala tukitoka kanisani, sisi watatu pamoja na mtu yeyote ambaye mama alimwokota mlangoni. Mama alikuwa na tabia hiyo. Akimwona mtu amesimama peke yake na Biblia yake mkononi, anamshika kiwiko anakuja naye nyumbani, hata kama hajui jina lake. Sikumbuki Sabato tuliyokula watatu peke yetu. Kwa hiyo swali la baba lilikuwa na jibu moja tu ambalo lingemridhisha, na mimi sikuwa nalo.

"Nilikula vizuri, baba."

"Na nani?"

"Baba, mtandao unakatika huku. Sikusikii vizuri."

Huku ninakoishi, Boko, mtandao haukatiki. Mnara uko karibu, nauona nikiwa dirishani.

Mama alifariki mwaka jana. Baba alikaa Kipawa miezi michache, kisha akasema nyumba imekuwa na mwangwi. Akaipangisha, akarudi kwao. Alichukua vitu vichache: kitanda, redio, Biblia zake na sufuria kubwa la mama, lile la makande, zito, ambalo kwa nje limekuwa jeusi hadi kwenye mikono yake. Nilitamani kumwambia aniachie. Sikusema. Nililifunga mimi mwenyewe kwa kamba, nikalisukuma chini ya kiti chake cha basi pale stendi, nikampungia mkono.

Mimi nikapata kazi ya kufundisha chekechea huku Boko na kupanga chumba cha uani kwa Bi Hija. Bi Hija ni Mzaramo, mjane, mwenyeji wa pwani hii tangu kwa babu zake. Anakaa vyumba vya mbele. Katika chumba kinachotazamana na changu wanakaa Zuena, fundi cherehani, na mumewe Mbwana, anayepakia mifuko ya saruji kwenye malori. Ni watu wema. Ila mimi ni mtu wa aibu. Watoto wa chekechea hawanitishi, naweza kuimba na kuruka mbele yao kama chura. Wazazi wakija kuwachukua, natafuta kiatu cha mtoto wa kukifunga ili nisiwatazame usoni.

Kanisani nilikuwa hivyohivyo. Nilikaa benchi la nyuma karibu na dirisha, na ibada ikiisha nilitoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Kila Sabato ya mwisho wa mwezi kanisa letu linakula pamoja chini ya turubai, kila nyumba inaleta chakula chake. Nilikuwa nikipita kando ya meza ile huku nimeikumbatia Biblia kama mtu aliyebeba yai.

"Dada, karibu chakula!"

"Ahsante, nawahi."

Nilikuwa nawahi chumbani. Nilipika makande kwenye kisufuria kidogo juu ya jiko langu la gesi, nikayala nimekaa kitandani, maana kiti ninacho kimoja na kina madaftari ya watoto. Kisufuria kile hakikutoa makande ya mama. Mahindi kidogo na maharage kidogo hayaivi pamoja; kitu kile kinataka wingi. Au mimi ndiye niliyetaka wingi.

Mwezi uliopita nilikamatwa. Dada Sekela, kiongozi wa Dorkasi, kikundi cha kina mama wa kanisa, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti ya kusikika bila kipaza, alinisubiri mlangoni.

"Wewe binti wa dirishani. Unaitwa nani?"

"Namsifu."

"Mpare?"

"Ndiyo."

"Afadhali! Basi mwisho wa mwezi utatuletea makande. Familia yetu ya Kipare ilihamia Kibaha, tumebaki tunakula wali kila mara kama tuko harusini. Sufuria kubwa, lakini. Usituletee ya kuonja."

Niliitikia kwa kichwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikagundua njiani kwamba natabasamu peke yangu. Mwenye chakula mezani hana sababu ya kukimbia. Atasimama karibu na sufuria lake, watu watamjia, watamuuliza amepikaje, na yeye atakuwa na la kujibu. Jioni ile baba alipopiga nilimweleza. Akasema, "Basi siku hiyo mtandao usije ukakatika."

Kumbe alikuwa anajua.

Mwisho wa mwezi ule uliangukia Ramadhani. Kwangu Ramadhani si jambo geni. Kipawa tulizungukwa na Waislamu, na adhana ya magharibi ndiyo iliyotuambia Sabato imeingia. Mama akiisikia siku ya Ijumaa alikuwa anafuta mikono kwenye khanga na kusema, "Haya, mwadhini ametufungulia." Sahani za futari zilikuja kwetu kutoka kwa majirani, mama naye akapeleka matunda. Lakini sufuria kubwa alikuwa na la kwake. Hakuwahi kuazima. Ndiyo maana kuna jambo moja sikulijua.

Alhamisi jioni nilikwenda kwa Bi Hija. Alikuwa barazani, ameegemea ukuta, kinywa kimekauka, anasubiri.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwalimu. Umefika hapo saa ngapi? Unatembea kama paka."

"Nilikuwa naomba kuazima sufuria. Kubwa."

"Kubwa la vipi?"

Nikaonyesha kwa mikono.

"Hilo la watu wengi hilo. Unapika nini?"

"Makande. Kesho."

Alinitazama. Uso wake, ambao saa zile za mwisho za mfungo huwa mkali, ulilainika ghafla mpaka nikaona haya.

"Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu," alisema. Akainuka mwenyewe, akaingia ndani, akarudi na sufuria ameliegemeza kiunoni, na mwiko wake ndani. "Chukua na jiko langu la mkaa. Hilo jiko lako dogo la gesi litalia."

Niliona ni dua kubwa kwa mtu anayeazima sufuria tu. Lakini mwezi ule watu huwa wepesi wa dua. Nikaitikia amina, nikaondoka.

Ijumaa shule ilifungwa mapema. Nilipika uani, mahali ambapo sikuwahi kupika. Mahindi yalichemka na kupasuka moja moja, maharage yakaachia rangi yake, nikakaanga vitunguu, karoti na hoho, nikamwaga juu, nikageuza kwa mwiko wa Bi Hija uliokuwa mrefu kama mkono wangu. Harufu ilipoinuka nilisimama kidogo nikiwa nimeshika mwiko. Ilikuwa ni Kipawa. Ni Ijumaa, redio ya baba ina kwaya, mama ananiambia nisisahau kupiga pasi kola. Nilijipangusa macho kwa bega, nikasema ni moshi.

Zuena alipita na ndoo.

"Ticha! Leo umetuamulia! Harufu hiyo mbona utatuvunjia swaumu?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Nazi sikuweka. Makande ya Sabato kwetu hayana nazi, na sababu yake si Upare wala Uzaramo, ni saa tu: tui halilali na joto la Dar. Yakitiwa nazi Ijumaa, Jumamosi mchana yamechacha. Nazi tulikula siku nyingine. Kwa hiyo ladha ya Sabato kwangu mimi ni mahindi, maharage, vitunguu na chumvi, basi, na mtu akinipa makande yenye tui nasema matamu, lakini sisemi ni ya kwetu.

Yalipoiva niliyafunika, nikayaacha juu ya makaa yaliyokuwa yanafifia, nikaenda kuoga. Mpango wangu ulikuwa niyaingize ndani na kuyafunga kwa blanketi kabla ya adhana, kama mama. Nilipiga pasi gauni la kesho. Nilideki. Nilifungua Biblia nikaiweka mezani. Nilikuwa na furaha, nalisema hilo kwa sababu sikuwa nimeipata kwa muda mrefu.

Nilipotoka, sufuria halikuwa jikoni.

Lilikuwa katikati ya mkeka. Mikeka miwili ilitandikwa uani, mmoja umeunganishwa na mwingine, na Bi Hija amekaa pembeni ya sufuria anageuza kwa mwiko. Karibu yake kulikuwa na chujio na bakuli tupu lenye michirizi myeupe.

"Nimekutilia tui, mwalimu," alisema bila kuinua kichwa. "Nimefunua nikayaona makavu, nikasema maskini, mtoto wa bara kasahau nazi."

"Kasahau au kakwepa mbuzi?" Zuena akasema. "Wasomi hawa kukuna nazi wanaogopa kuvunja kucha."

Wakacheka. Mbwana alikuwa ameshakaa, kanzu yake safi, vumbi la saruji bado liko masikioni. Kulikuwa na majirani wa nyumba ya mbele, mume na mke na mama yao mzee, watu ambao nilikuwa nawasalimia tu nikipita.

"Nimewaita na hawa," Bi Hija alisema. "Nimewaambia njooni, leo mwalimu wetu anatufuturisha. Mkristo, wallahi, hakuna aliyemwomba. Kaja mwenyewe kuazima sufuria."

Hapo ndipo nilipoelewa. Pwani hii, mwezi huu, mtu anayeazima sufuria la watu wengi anataka kuwafuturisha watu. Hahitaji kueleza. Nani tena apike chungu kizima, Ijumaa ya Ramadhani, uani, mbele ya waliofunga, halafu akifunike aende nacho ndani?

Nilitazama mkeka nikitafuta chakula kingine. Kulikuwa na tende, jagi la uji wa pilipili manga, na bakuli la magimbi ya nazi lililofunikwa kwa kawa, dogo, la kujazilizia tu. Kwa sababu yangu hawakupika kingine.

Nilifungua kinywa. Nakumbuka nilikifungua. Mbwana alikuwa analitazama sufuria kama watoto wangu wanavyoitazama saa ya uji, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Yule mama mzee wa majirani alinishika mkono akanivuta nikae karibu naye. "Mungu akupe mume mwenye moyo kama wako," akaninong'oneza.

Adhana ikalia. Wao wakasema bismillahi, wakachukua tende. Na mimi, kwa sauti hiyohiyo, moto wangu ukafungwa mpaka kesho.

Bi Hija alinipa sahani ya kwanza. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo. Tui lilikuwa zito, na chini yake kabisa, kama mtu anayeongea chumba cha pili, niliisikia ladha ya mama. Watu wakasifu. Mbwana akaomba tena, Zuena akamwambia aache pupa, Bi Hija akamjazia. Jirani akasema hajawahi kula makande ya Mpare, kumbe Wapare nao wamo. Kila mtu aliyesifu aligeuka kunitazama, na kila alipogeuka nilizidi kuwa mbali naye. Walikuwa wananishukuru kwa kitu ambacho sikuwapa. Nilishawahi kula peke yangu kitandani wiki nyingi, lakini sikuwahi kujisikia peke yangu kama nilivyojisikia pale, bega langu limegusana na mabega ya watu pande zote mbili.

Waliposwali na majirani wakaaga, Zuena alianza kukusanya vyombo. Mimi nilibaki nimekaa. Sabato imeingia, vyombo huwa tunaviloweka tu.

"Mwalimu, leo huinuki?" Bi Hija akauliza. "Umeshiba kazi yako mwenyewe?" Akawa anakwangua ukoko chini ya sufuria. "Na kesho huko kanisani kwenu, mnakula nini?"

Sikuwa nimepanga kusema. Ni vile aliuliza.

"Hayo."

"Hayo yapi?"

"Makande. Yalikuwa ya kanisa. Mwezi huu zamu yangu."

Mwiko ukasimama. Zuena akaweka mkono mdomoni. "Mama yangu wee."

"Na mbona hukusema?" Bi Hija alisema taratibu.

"Mlikuwa mmefunga."

"Kinywa umepewa cha nini, wewe? Cha kupigia mswaki?" Alikuwa amekasirika, na hakuwa anatania. "Umekaa hapo unanitazama nachota, nawajazia watu chakula cha kanisa zima, umeninyamazia! Unanifanya mie mwizi katika mwezi huu!"

"Samahani, Bi Hija."

"Usiniombe samahani, unanizidishia!" Akatupa mwiko ndani ya sufuria. "Zuena, mkaa. Kachukue mahindi ya duka la kona, yale yaliyokobolewa. Tunapika sasa hivi."

"Haiwezekani," nikasema. "Jua limezama."

"Jua ndilo linalopika?"

"Sabato imeingia. Sipiki mpaka kesho magharibi."

"Hupiki wewe. Anapika Zuena. Zuena ana Sabato?"

"Mie nna cherehani tu," Zuena akasema.

"Hata kupikiwa," nikasema, sauti yangu ikawa ndogo sana. "Baba alitufundisha, amri inamtaja mpaka mgeni aliyeko nyumbani kwako. Naye apumzike."

"Mgeni nani? Nyumba yangu hii. Mgeni wewe!"

Zuena alicheka, akajizuia, akacheka tena. Mimi nililia. Bi Hija alinitazama mimi, akamtazama Zuena, akavuta pumzi. Nilidhani ataendelea kubishana, lakini hakuendelea. Amri aliijua: yeye mwenyewe, kabla ya adhana, na kiu ile yote, hakuonja hata chumvi ya makande yale. Alitia tui kwa kukadiria kwa macho.

"Haya," alisema. "Dini yako siigusi. Kalale."

Asubuhi nilivaa gauni nililolipiga pasi, nikakaa kitandani. Sikuwa naenda. Nilikuwa nimepanga hivi: leo siendi, Sabato ijayo nitasema niliumwa, na ile ya mwisho wa mwezi mwingine nitasema nawahi. Dada Sekela atanisahau taratibu. Na baba nitamwambia kuhusu mtandao, naye atanyamaza kwa sababu anajua, na sote wawili tutaendelea kujua.

Mlango ukagongwa kwa kitu kigumu. Alikuwa Bi Hija, anagonga kwa kisigino cha kandambili kwa sababu mikono yote miwili imeshika bakuli lililofunikwa kwa kawa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kupasha ruksa?"

"Nini?"

"Nauliza, hiyo Sabato yenu, kupasha chakula kilichopikwa jana, ruksa?"

"Ruksa."

"Basi nimeyapasha. Magimbi. Niliyapika jana alasiri, hayo magharibi yenu hayajafika. Yamelala kwenye friji. Hakuna aliyevunjiwa mapumziko wala aliyepikishwa." Akanitilia bakuli mikononi. Lilikuwa na joto. Ndipo nikakumbuka lile bakuli dogo la mkekani ambalo hakuna aliyeligusa.

"Haya si yalikuwa ya daku yako?"

"Nilikunywa maji."

"Bi Hija, umefunga na maji tu?"

"Na tende. Usinihesabie, utanipunguzia thawabu." Alikuwa bado na hasira kidogo, niliiona kwenye kidevu chake. "Nenda. Na bakuli langu lirudi, ni la seti."

Nilitembea hadi kanisani nimelifunga kwa khanga. Mahubiri sikuyasikia. Bakuli lilikuwa chini ya benchi, kati ya miguu yangu, na kila mtu aliyepita nililifunika kwa gauni.

Chini ya turubai masufuria yalikuwa yamepangwa makubwa makubwa: wali, maharage, ndizi, mchicha, maboga. Katikati yake walikuwa wameacha nafasi. Nafasi pana. Nilipoiona nilitaka kurudi nyuma, lakini Dada Sekela alishaniona.

"Binti wa dirishani! Njoo, tumekuwekea mahali. Makande yako wapi?"

Watu wakageuka.

"Yameliwa," nikasema.

"Na nani?"

"Majirani. Walikuwa wamefunga. Walidhani nawafuturisha."

"Na wewe ukawaacha?"

"Nilishindwa kusema."

Kisha Mzee Kasiani, mzee wa kanisa, akaanza kucheka kifuani. "Sasa hicho ulichoshika ni nini?"

"Magimbi. Amenipa Bi Hija, mama mwenye nyumba. Ilikuwa... Ni futari yake."

"Futari kwenye meza ya Sabato!" Mzee Kasiani akasema. "Mchungaji yuko wapi? Jamani, mwiteni aje aone!"

Wengine wakacheka. Mama mmoja mwenye kitambaa cheupe hakucheka. Alisema, si kwa sauti kubwa ila ya kunifikia, kwamba kanisani kuna mambo ya kuangalia, watu wasilete kila kitu.

"Dada, hilo ni gimbi," Sekela akamjibu. "Leta sahani yako." Akaliweka bakuli la Bi Hija pale katikati, kwenye nafasi ya sufuria langu, likaonekana kama kikombe kilichosahauliwa. Akakata kila kipande mara mbili, akagawa mpaka likaisha.

Nilikaa kwenye benchi kati ya Sekela na mama mwenye mtoto mchanga. Walizungumza juu ya safari ya kwaya na juu ya mtu aliyeezuliwa paa, watu nisiowajua. Mtu mmoja aliniuliza mimi ni Mpare wa wapi. Nikasema wa Kipawa. Wakacheka, nikacheka nao, kisha wakarudi kwenye paa. Sikuwa mmoja wao, kipande cha gimbi hakiwezi kufanya hivyo. Lakini nilikula pale nikiwa nimekaa, sahani magotini, mpaka watu walipoanza kukunja turubai, na sikusema kwamba nawahi.

Niliporudi, Bi Hija alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, macho yamefumbwa. Daku ya maji na tende ilikuwa imemfikia. Nilikaa karibu yake na bakuli lake mapajani, bado halijaoshwa.

"Walikula?" akauliza bila kufumbua macho.

"Walikula."

"Walisemaje?"

"Mmoja alisema nazi imezidi."

"Mwongo huyo. Uliwaambia nani kapika?"

"Niliwaambia Bi Hija."

"Hm. Jina langu limeingia kanisani, mwenyewe niko huku nna njaa."

Tulisubiri pamoja. Tulitazama kivuli cha ukuta kikipanda. Adhana ilipolia nilimpa tende, nikaenda bombani nikaosha bakuli. Yeye kafungua, na mimi moto wangu umefunguliwa. Watoto wa bintiye walikuwa wamekuja kufuturu, uani pakajaa kelele, nikaingia chumbani kwangu.

Simu ikaita.

"Sabato imefungwa, mwanangu," baba alisema. "Haya. Ulikula na nani?"

Nilimweleza yote. Sijawahi kuongea naye muda mrefu hivyo. Alicheka kwenye tui, akacheka zaidi kwenye kupasha. Nilipofika kwenye daku, hakucheka. "Mama yako..." alisema, halafu hakumalizia.

Upande wake kulikuwa kimya kabisa, ule ukimya wa milimani usio na hata mbwa. Ndipo nikagundua kwamba wiki zote hizi sijawahi kumuuliza.

"Na wewe, baba? Ulikula na nani?"

"Namsifu," akasema, "mtandao unakatika huku. Sikusikii vizuri."

Mimi nilikuwa namsikia vizuri. Nilisikia mpaka kijiko chake kikigonga chini ya sufuria la mama.